Dakika ya Alhamdu Mbili

Mjukuu wangu anasomea udaktari, na kila akija likizo hunikuta barazani akaniuliza swali lile lile: babu, nyinyi mlikuwa mnasomaje? Anadhani kuna siri namficha. Ana karatasi zilizopigwa mistari ya rangi nne, ana saa mkononi, ana simu yenye saa nyingine ndani yake, na bado analalamika kwamba muda haumtoshi. Humwambia kwamba sisi tulikuwa watu kumi na wawili kwa kitabu kimoja, na dakika hatukuwa nayo kabisa. Anacheka, anafikiri natania. Sitanii hata kidogo. Dakika tulijitengenezea wenyewe kwa midomo yetu, na ya kwangu nusura inifukuzishe shule.

Ilikuwa enzi za Wabelgiji, hapa Kasongo. Shule ya wauguzi wasaidizi ilikuwa vyumba viwili vya matofali nyuma ya wodi ya wanaume. Mwalimu wetu alikuwa daktari Mbelgiji, mrefu, shingo nyekundu, aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu. “Leta,” “shika” na “ngoja” aliyatamka vizuri. Yaliyobaki aliyabuni njiani. Pamoja naye alikuwepo mtawa mmoja mzee wa Kizungu. Tulimwita masera, kama watu wote walivyowaita watawa, naye alishika funguo za kila kabati.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa, kinene, na mende walikuwa wameshakula pembe zake. Daktari alikigawanya kwa viungo vya mwili. Kila mwanafunzi alipewa kiungo chake akikariri mpaka kikae kichwani, ili awe ndiye ukurasa wa wenzake. Rafiki yangu, kijana Mkatoliki kutoka Salamabila ambako baba yake alifanya kazi machimboni, alipewa ini. Mimi nilipewa moyo na mapigo yake. Haikupita wiki tukawa tunaitana hivyo hivyo, yeye Ini, mimi Moyo. Ukitaka kujua nyongo inatoka wapi, ulimfuata Ini mtoni anakofua, akakueleza huku povu la sabuni linamtiririka mikononi. Na yule aliyekuwa Mapafu alipougua malaria, darasa zima lilikaa siku sita bila mapafu.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ambayo mjukuu wangu anaidharau. Kitu unachojua kwamba mwenzako atakuja kukuuliza, hukisomi kivivu. Niliogopa aibu ya mtu kunifuata mpaka nyumbani kuniuliza juu ya moyo, nami nibaki nakuna kichwa.

Siri ya pili niliileta mimi, na bado najivunia. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani tangu sijaota meno ya pili, nikajua kwamba maneno ya lugha usiyoielewa yanaingia kichwani kupitia mgongoni. Unakaa chini, unayumba mbele na nyuma, unaimba. Nikawafundisha wenzangu. Siku moja masera aliingia darasani akakuta vijana kumi na mmoja wa Kikatoliki wamekaa sakafuni wanayumba, wanaimba kwa Kifaransa kwamba moyo una vyumba vinne. Akautazama msalaba ukutani, akatutazama sisi, akatoka. Mtihani wa mwezi ule hakuna aliyeanguka.

Mwislamu pale nilikuwa mimi peke yangu, na nafasi hiyo haikuniangukia tu. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na sisi watoto wa mitaa ya Kiislamu tulikuwa tunaishia nje ya mlango. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alipiga pasi kanzu yake akaenda kwenye ofisi ya mkuu wa teritware, yaani wilaya, akaambiwa arudi kesho. Akarudi kesho, na kesho yake, akawa anasimama palepale na kanzu ileile nyeupe mpaka karani akachoka kumwona. Siku niliyopokelewa hakufurahi kwa sauti. Alinikalisha karibu na cherehani.

“Sikia muzuri,” aliniambia. “Pale uko peke yako. Ukifukuzwa, hautafukuzwa weye tu. Watasema watoto ya mtaa yetu hawajue kazi, na mulango itafungwa. Umesikia?”

Nilisema nimesikia. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilijiona nimebeba mtaa mzima mgongoni.

Sasa, kazi ya mwanafunzi wa moyo ilikuwa kuhesabu mapigo. Kila asubuhi na kila jioni unapita kitanda kwa kitanda, unaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, unahesabu dakika moja, unaandika namba kwenye karatasi ya homa inayoning'inia miguuni pa kitanda. Vidole nilikuwa navyo. Tatizo lilikuwa dakika. Saa zenye mshale wa sekunde zilikuwa tatu tu hospitali nzima. Moja ilikuwa mkononi mwa daktari. Ya pili ilikuwa ukutani kwenye chumba cha dawa, na huwezi kumbeba mgonjwa ukampeleka huko. Ya tatu masera aliibana kwa pini kifuani, na nani kati yetu alikuwa na ujasiri wa kukodolea macho kifua cha masera kwa dakika nzima?

Basi nikafikiria. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa mkali kwa mwendo wa kusoma. Kila aya ilikuwa na pumzi yake, na ukiharakisha unarudia. Nikaenda chumba cha dawa, nikasimama mbele ya saa ya ukutani, nikasoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, kimoyomoyo kwa mwendo ule wa mwalimu. Mshale ulizunguka nusu. Nikasoma ya pili, na nilipofika “amin” mshale ulikuwa umerudi palepale juu. Nilijaribu asubuhi tatu mfululizo. Alhamdu mbili, dakika moja. Nilitaka kuruka.

Kusoma na kuhesabu kwa pamoja hakuwezekani, kwa hiyo hesabu niliiachia tasbihi. Mkono wa kushoto kwenye kifundo cha mgonjwa, mkono wa kulia mfukoni, kila pigo shanga moja. Tasbihi yangu ilikuwa na shanga tisini na tisa. Nikifika kwenye shanga kubwa kabla ya amin ya pili, najua mtu huyu anawaka. Ini aliponiona alicheka mpaka akashika tumbo, halafu akaenda kuchukua rozari yake akapanga dakika yake kwa Baba Yetu na Salamu Maria. Wengine nao wakatafuta njia zao. Hakuna aliyemwambia daktari. Tuliona ni ujanja wetu wa ndani.

Daktari alinisifu. Alisema mikono yangu iko “muzuri,” na kweli nilikuwa naipenda kazi ile. Nilikuwa napasha viganja joto kwa kuvisugua kabla ya kugusa tumbo la mtu, kwa sababu tumbo likiguswa na mkono wa baridi hujikaza, halikwambii chochote. Nilijifunza pia kutomuuliza mtu anaumwa wapi kabla sijamuuliza mpunga wake umefika wapi. Akianza kueleza mpunga, anasahau kuogopa, na ukimtazama anavyovuta pumzi kati ya neno na neno, nusu ya ugonjwa umeshauona. Masera aliita hiyo umbea. Daktari alisema ndiyo udaktari wenyewe.

Mgonjwa wangu niliyempenda kuliko wote alikuwa mkulima mmoja wa Lusangi, mtu mzima, Mkristo mwenye medali ndogo ya shaba shingoni. Aliletwa na kichomi, amebebwa kwenye kipoyi, machela ya kuchukuliwa mabegani, na mkewe anatembea pembeni. Wiki ya kwanza alikohoa mpaka kitanda kikalia. Sindano zikamsaidia, na ijapokuwa homa ilikuwa bado inarudi jioni, njaa ilikuwa imeamka kabla ya miguu. Mkewe alipika uani, na ule ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, yenye mafuta ya mawese vilinukia mpaka darasani.

“Mutoto,” alikuwa ananiambia nikimshika mkono, “niandike muzuri pale ku karatasi. Nataka kurudia ku shamba.”

Ndipo Ramadhani ikaingia.

Kufunga hakukunishinda, nilikuwa nimezoea. Kilichonishika ni kitu ambacho hakikunipitia hata akilini. Kila jioni baada ya isha nilikuwa nasali tarawehe msikitini kwetu, na imamu wetu wa mwaka ule alikuwa mtu wa mbio. Rakaa ishirini, wazee wana migongo, watu wanataka kwenda kula tena. Alikuwa anaishusha Alhamdu kwa pumzi mbili. Tulimpenda kwa hilo. Usiku kwa usiku mdomo wangu ulifuata mwendo wake, na asubuhi nilipoingia wodini ulikuwa bado unaufuata. Nilikuwa nasoma Alhamdu mbili zangu, nasogeza shanga, naandika. Shanga zilikuwa zinapungua. Nikafikiri wagonjwa wanapona.

Mstari wangu ulikuwa na vitanda sita upande wa dirisha. Asubuhi ya siku ya tisa ya mfungo, daktari alisimama miguuni pa kitanda cha mkulima wa Lusangi, akasoma karatasi, akaisoma tena. Akaenda kitanda cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu. Kwenye karatasi zote homa ilikuwa juu, na mapigo yalikuwa ya chini, ya mtu aliyelala raha.

Mimi ndiye niliyekuwa Moyo, nilijua maana yake kabla hajafungua kinywa. Nilikuwa nimeikariri kwa kuyumba: homa ikipanda na mapigo yasipande nayo, fikiria homa ya matumbo. Na hapa palikuwa na watu sita kwa mstari.

Siwezi kueleza vizuri vurugu ya siku ile. Kamba ilifungwa katikati ya wodi. Chokaa ilimwagwa mlangoni, maji yakachemshwa kwenye mapipa, damu ikachukuliwa ikapelekwa kwenye maabara ya mbali ambako majibu yangechukua siku nyingi. Wake wa wagonjwa walifukuzwa uani na sufuria zao. Na kwa sababu mtu wa homa ya matumbo utumbo wake unaweza kutoboka, daktari alipiga marufuku chakula kigumu. Wagonjwa wangu sita walipewa maji ya wali na supu iliyochujwa, asubuhi, mchana na jioni.

Mimi nilikuwa nimefunga kwa hiari yangu, na magharibi ikifika nilikuwa nakula tende na uji wa mama. Mkulima wa Lusangi alikuwa amefungishwa na hakuna magharibi iliyomfikia. Kufikia siku ya tatu homa yake ilikuwa imekwisha kabisa, lakini daktari alisema homa ya matumbo ni ya hila, inangoja ule ndipo ikuue. Mkewe alikuwa anasimama nje ya dirisha na bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba, analionyesha, halafu anaondoka nalo. Mume alikuwa analifuata kwa macho.

“Mutoto,” aliniambia, “kifua imepona, kichwa imepona. Munaniuwa na maji ya muchele.”

“Vumilia, papa. Ni dawa.”

Nilisema hivyo kwa kiburi, maana nilijiona mimi ndiye niliyegundua ugonjwa. Karatasi zilikuwa zangu.

Siku ya tisa ya maji ya wali nilitumwa chumba cha dawa kuleta pamba. Masera alikuwa anatafuta ufunguo, nami nikawa nimesimama mbele ya saa ya ukutani sina la kufanya. Kwa mazoea tu nikaanza Alhamdu. Nilipofika amin ya pili nilitazama mshale nikauona uko mbali, haujafika hata kwenye tisa. Nikafikiri saa imekufa. Nikangoja urudi juu, nikasoma tena, nao ukaishia palepale. Sekunde arobaini na mbili. Masera alinipa pamba ikaanguka sakafuni.

Nilimvuta Ini nyuma ya jiko nikamweleza. Alielewa upesi, akashika kichwa.

“Nyamaza,” aliniambia. “Majibu ya damu itakuya, itasema hakuna kitu. Watawafungulia. Mambo itaisha yenyewe.”

“Na kama itakuya nyuma ya wiki mbili?”

“Wiki mbili hakuna mutu anakufa na maji ya muchele. Weye ukisema leo, kesho uko ku cherehani ya baba yako.”

Alikuwa ananipenda, ndiyo maana alisema vile. Na sitadanganya: nilitaka sana kumsikiliza. Nilimwona baba na kanzu yake ya pasi mlangoni kwa karani. Nilitembea kuzunguka hospitali mara mbili, na kila nikipita dirishani kwa vitanda vyangu namwona yule mama na bakuli lake. Mara ya tatu alikuwa amelifunua, mvuke unapanda, na mumewe ndani anavuta harufu amefumba macho. Nikasikia hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikaenda kubisha ofisini.

Daktari hakuelewa mwanzoni. Nilimweleza tena, masera akatafsiri kwa Kifaransa, na uso wa masera ulikuwa unabadilika kadiri anavyotafsiri.

“Wewe iko napima dakika na sala?”

“Ndiyo, bwana munganga.”

“Fanya.”

Alivua saa akaishika. Nikasoma kwa sauti, na kwa woga nikaenda mbio zaidi ya imamu. Alitazama saa, akatazama dari. Kisha akaita darasa zima. Mmoja mmoja walisimama mbele ya meza wakatoa dakika zao. Ya Ini ilikuwa ndefu kupita kiasi, kwa sababu alikuwa mcha Mungu na kila Salamu Maria aliishusha kwa heshima. Mwingine alitumia wimbo wa kupiga kasia wa kwao. Mmoja alipoambiwa aonyeshe yake alitazama viatu vyake akakiri kwamba yeye huwa anaandika namba ya jana na kuongeza mbili, na karatasi zake ndizo daktari alikuwa anaziita za mfano. Masera alikaa chini. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikafikiri analia. Nilipochungulia nikaona ni kicheko.

Daktari hakucheka. Alikwenda mwenyewe akapima mapigo ya vitanda sita kwa saa yake, akakuta hakuna hata mmoja mwenye mapigo ya chini, akakata kamba kwa kisu, akaamuru chakula. Mkulima wa Lusangi na mkewe waliondoka asubuhi iliyofuata kabla jua halijatoka vizuri, bila kumuaga mtu yeyote. Nadhani waliogopa tusibadilishe mawazo.

Niliitwa tena ofisini. Daktari alikuwa ametulia, na nilimwogopa zaidi alivyotulia.

“Ile mutu ya Lusangi,” alisema, “siku tisa wewe nanyima yeye chakula. Mimi hapana fukuza. Mimi hapana samehe. Nyuma ya siku kuu yenu tunaenda Kabambare kupima watu. Njia iko napita Lusangi. Wewe nasema mbele yake, yeye nasikia. Kama yeye nakubali wewe nashika mukono yake tena, wewe naenda Kabambare. Kama hapana, wewe narudi Kasongo na sanduku yako.”

Idi ile sikuisikia utamu. Nilimweleza baba kila kitu. Aliendelea kushona, sindano ikavunjika. “Umesema weye mwenyewe?” aliniuliza. Nikasema ndiyo. Akabadilisha sindano, akaninyooshea kola ya shati, akaniambia nifunge sanduku.

Lori lilitoka Kasongo asubuhi, mimi nyuma pamoja na makasha ya darubini na sanduku langu. Njia ilikuwa ya matope na madaraja ya magogo, na kila daraja nilitamani livunjike, si kwa kuumiza mtu, kwa kutuchelewesha tu. Halikuvunjika hata moja. Tulifika Lusangi mchana, tukamkuta mkulima anaanika mpunga mbele ya nyumba. Alikuwa amenenepa. Mkewe alituona kwanza.

“Njo huyu wa maji ya muchele!” alipiga kelele, na jirani wakatoka.

Nilisimama mbele yao nikasema. Sikuficha tarawehe, wala saa ya ukutani, wala ile mizunguko ya hospitali nilipokuwa nataka kunyamaza. Mkulima alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye vitanda sita vya homa ya matumbo isiyokuwepo alicheka, akampiga jirani yake begani. Mkewe hakucheka, alianza kuhesabu kwa vidole kila bakuli alilorudi nalo, na kila bakuli lilikuwa na jina lake: hili la kuku, hili la samaki, hili la sombe niliyotwanga mimi mwenyewe na jua lile. Nilimwomba msamaha kwa kila moja.

Ndipo mkulima akaacha kucheka.

“Ngoja,” alisema. “Ile asubuhi yote, ukishika mukono yangu, mudomo yako ilikuwa inaenda. Nilikuwa naona. Ulikuwa unaniombea.”

“Hapana, papa. Nilikuwa napima dakika.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja.”

Alikaa chini kwenye kigoda. “Mimi nilimwambia huyu mama: kule iko mutoto moja Mwislamu, kila asubuhi na kila jioni ananiombea. Mapadri hawajaniombea vile. Njo maana nilivumilia maji yenu. Nilisema, mutu mwenye anaombewa hivi, hawezi kufa.”

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na machozi yalinitoka mbele ya watu. Nilikuwa nimemshika mtu yule mkono siku ishirini na kitu. Nilijua mapigo yake kuliko mtu yeyote, hata kama namba zilikuwa za uongo. Lakini kumbe sikuwa nimemshika mkono hata mara moja.

Daktari alikuwa ameegemea lori. Mkulima akanyoosha mkono wake.

“Basi omba sasa. Zile zote uziombe mara moja.”

Nilipiga magoti. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye kifundo, na mkono wa kulia ukaingia mfukoni kutafuta tasbihi.

“Toa mukono mu mufuko,” alisema. “Hapana kuhesabu.”

Nikautoa. Nikamshika kwa mikono yote miwili, nikasoma Alhamdu kwa sauti, kwa mwendo wa mwalimu wangu wa chuo, kila aya na pumzi yake, nikamwombea afya yeye na mkewe na mpunga wao. Alifumba macho, medali yake ya shaba inapanda na kushuka kifuani. Chini ya vidole vyangu pigo lilikuwa limejaa, la mtu aliyekula. Tulisema amin pamoja.

“Mupeleke Kabambare,” alimwambia daktari. “Kule pia iko wagonjwa.”

“Hapana sasa,” alisema mkewe. “Huyu hatoke hapa mbele ya kula.” Na akasimama pembeni yangu na mwiko mpaka nilipomaliza ugali wote na kuku wote, akaongeza, nikamaliza tena. Siku tisa zake alizirudisha kwa sahani moja, na sikuthubutu kusema nimeshiba.

Tulipoondoka, daktari hakukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma na mimi, akafungua kasha la karatasi za homa, akatoa ile ya mkulima wa Lusangi, ambayo haikuwa imeandikwa neno la mwisho kwa kuwa mwenyewe aliondoka bila kuaga.

“Leo mapigo yake iko ngapi?” aliniuliza.

“Sijui, bwana munganga. Sikuhesabu. Lakini amepona.”

Alinitazama mpaka lori likapita daraja moja zima. Kisha akanipa kalamu.

“Andika vile.”

Nikaandika vile, mahali pa namba, na lori likashika njia ya Kabambare.